Msukumo wa Nyuma

Kama uliwahi kuwemo kwenye kundi la Wasapu la kwaya ya parokia yao pale Karatu, sauti ya Clemensi unaijua, utake usitake. Wenzake walituma ratiba za mazoezi na taarifa za misiba. Clemensi alituma gari lake. Kila asubuhi, akishawashusha watoto shuleni na kabla hajafungua duka lake la mbegu na dawa za mimea, aliegesha pembeni, akakohoa kama mtangazaji wa redio, akabonyeza simu.

"Ndugu zangu wanakwaya, ni mimi Clemensi. Leo nimepandisha Rhotia na mvua hii, gari limejaa watu na magunia mawili ya mbolea, wala halikulalamika. Unasikia kabisa nyuma inasukuma. Inakusukuma hapa mgongoni, kama mtu amekuwekea kiganja. Hiyo ndiyo fowili, jamani. Na mafuta halili!"

Miaka miwili alikuwa akisema hivyo. Kona ya Rhotia alishaieleza mara arobaini, matope ya njia ya Endabash mara ishirini, na kuna Jumamosi moja alitumia dakika sita kueleza jinsi gari lilivyovuka mfereji wa kumwagilia vitunguu, mfereji ambao mbuzi wanauruka. Gari lenyewe lilikuwa la familia tu, la kijivu, la mkononi, viti vitano na buti la kutosha. Alilinunua Arusha kwa mtu aliyemwapia kwamba ni fowili, yaani matairi yote manne yanavuta. Nyuma lilikuwa na herufi za kuthibitisha hivyo, na kila Jumapili Clemensi alizifuta herufi hizo kwanza, ndipo akaosha gari lililobaki.

Sasa Karatu ni mji ambao kila mwanamume wa pili ni dereva wa watalii, mtu anayeshinda ndani ya Kruza akishuka kreta ya Ngorongoro na kupanda. Kujisifia gari la nyumbani mbele ya watu hao kunataka uso mkavu, na Clemensi alikuwa nao. Wakamwita Mzee Fowili. Hata padri alimwita hivyo mlangoni mwa kanisa. Clemensi alijifanya hapendi.

Mkewe, Nanyori, alikuwa Mmasai wa Malambo, huko ng'ambo ya pori la Ngorongoro. Yeye ndiye aliyezirusha sauti zile kwa kaka yake, Koinet, na Koinet akawasikilizisha watu wa kwao pale penye mtandao. Nanyori hakuwa na nia mbaya. Aliona fahari kwamba mumewe ana la kusema.

Mwezi wa tatu Koinet akapiga simu.

"Shemeji, wazee wamekubali. Kila boma linatoa ng'ombe, tununue gari la zahanati. La kubeba akina mama wakati wa masika."

"Safi sana hiyo."

"Sasa maneno ni mawili. Wengine wanataka pikapu, ile ya juu, ngumu. Wengine wanasema hapana, inarusharusha mgonjwa, tununue kama ya kwako. Wamesikia sauti zako zote. Wamesema uje nayo, waione, na wewe useme neno. Ukisema ndiyo, ni ndiyo."

Halafu Koinet akamkumbusha Kakenya. Masika iliyopita Kakenya alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye pikipiki, pikipiki ikakwama, wakamhamishia kwenye tela la trekta. Alijifungulia njiani, juu ya tela, na mtoto hakukaa. Clemensi habari hiyo aliijua, alikuwa ametoa rambirambi. Akasema atakuja Alhamisi. Alipokata simu alikuwa amevimba kama andazi, maana si kila siku muuza mbegu anaitwa kuamua jambo la kijiji kizima, tena kijiji cha wakwe.

Jumatatu alipeleka gari kwa fundi Inosenti kubadilisha oili. Hapo kabla alikuwa akibadilisha kwa vijana wa pembeni ya stendi ambao hawakuinama chini zaidi ya pale oili inapomwagikia. Inosenti alikuwa mtu wa kuangalia. Aliingia kwenye shimo na tochi, akamulika kutoka mbele mpaka nyuma, kisha akaita.

"Mzee Clemensi, hebu shuka uone."

Clemensi akashuka, suruali safi na yote.

"Hapa panatakiwa pawe na propela shafti," Inosenti alisema, akimulika katikati ya gari. "Chuma kirefu kinachotoka mbele kwenda kuzungusha matairi ya nyuma. Hakipo. Kimetolewa."

"Kimetolewa lini?"

"Zamani. Ona, mpaka vumbi limegeuka jiwe. Kile kifaa cha nyuma kikifa, wengine hawanunui kingine, wanatoa shafti, gari linakaa kimya, wanaliuza. Hii gari inavuta mbele tu, mzee. Ndiyo maana mafuta haili."

Clemensi alitazama ile nafasi tupu. Unaweza kutazama nafasi tupu kwa muda mrefu sana ukitegemea kitu kitokeze.

"Lakini mimi naisikia," alisema. "Nyuma inasukuma. Hapa mgongoni."

Inosenti alikuwa mtu wa heshima, na Clemensi alikuwa sawa na baba yake mdogo. Akazima tochi kwanza ndipo akajibu.

"Mzee, labda ni kiti."

Mimi sina la kumtetea Clemensi hapo. Mpaka shimoni kwa Inosenti hakuwa na kosa ila domo. Aliuziwa uongo, akauamini, akaurudia kwa furaha. Hapo ndipo mtu anapotoka shimoni, anapiga simu na kusema, shemeji, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, nunueni pikapu. Simu ilikuwa mfukoni, salio lilikuwemo. Aliitoa, akaliona jina la Koinet, akaona pia jina la kundi la kwaya na sauti zake zilizopangana pale kama matofali, akairudisha mfukoni. Shafti ya kuagiza ingefika baada ya wiki mbili. Alimwomba Inosenti neno hili libaki kati yao, na Inosenti akaitikia huku akijifuta mikono, bila kumtazama.

Alhamisi wakaondoka, yeye na Nanyori, watoto wamebaki kwa dada wa Clemensi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye geti la Ngorongoro walionyesha vitambulisho, wakaanza kupanda msituni, ukungu umeshuka mpaka kwenye boneti. Kruza za watalii ziliwapita na madereva wakampigia honi: Mzee Fowili! Yeye akainua kidole kimoja kwenye usukani.

"Mbona leo hutumi sauti?" Nanyori aliuliza. "Mlima huu ungeumaliza kwa dakika kumi, nakujua."

"Mtandao hapa si mzuri."

"Mtandao upo. Mimi napokea."

Clemensi akakaza macho barabarani. Na jambo lililomtia aibu kuliko yote, peke yake pale kwenye kiti chake, ni kwamba kila kona ya kupanda bado aliusikia ule msukumo. Alishaiona nafasi tupu kwa macho yake, na mgongo wake ukaendelea kumdanganya vilevile, kwa upole, kama siku zote. Akajiuliza ni mambo gani mengine maishani aliyowahi kuyaapia kwa sababu tu aliyasikia mgongoni.

Waliteremka upande wa pili, ukungu ukaisha, nyanda zikafunguka zikiwa za kijani. Wakaiacha barabara kubwa ya Serengeti, wakashika njia ya Malambo. Ilibaki kama saa moja kufika walipoingia kwenye udongo mweusi. Gari lilikwenda hatua ishirini, likaelea, likakaa. Clemensi akakanyaga mafuta. Matairi ya mbele yakalia na kurusha tope mpaka juu ya paa.

Wachungaji walikuja kutoka pande ambazo hakuona mtu. Pamoja nao alikuwa mzee mmoja mwembamba, Tajewo, ambaye Nanyori alimsalimia kwa kuinamisha kichwa. Vijana wakasukuma. Tajewo yeye hakusukuma mwanzoni. Alichutama nyuma ya gari, fimbo magotini, akatazama matairi ya nyuma jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe anayechechemea. Kisha akasimama, naye akaweka mikono, gari likatoka. Clemensi alimwona kwenye kioo, anafuta mikono kwenye nyasi, bado anatazama chini, kwenye alama zilizobaki.

Boma la wakwe lilikuwa limejiandaa. Mama mkwe alikuwa amesimama nje. Hapa lazima nieleze kitu. Clemensi alipooa, miaka kumi na minne iliyopita, alimpelekea mama huyu kondoo kama alivyoelekezwa. Kuanzia siku hiyo majina yao yaliwekwa kando: yeye alimwita mama Paker, na mama akamwita yeye Paker, kwa maana ndivyo Wamasai wanavyoitana waliopeana kondoo. Wengine walimwita mama huyo Nanyokie, lakini si Clemensi. Na jina la Clemensi halikuwahi kusikika tena mdomoni mwa mama yule. Clemensi, Mwiraqw ambaye babu zake na babu za Wamasai walirushiana mikuki kwa ajili ya ng'ombe, alilipenda jina hilo kuliko Mzee Fowili, kuliko hata cheo chake kwenye kwaya. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Takwenya, Paker," alimsalimu.

"Iko, Paker," mama akaitikia, macho yamecheka. "Umelileta."

Mkutano ulikuwa alasiri ile ile, kibarazani kwa zahanati, gari limeegeshwa mbele yao na tope lake. Wazee walikaa upande mmoja. Wanawake nao walikuja, kwa sababu jambo lilikuwa lao. Kakenya alikuwepo. Kabla hawajaanza alikwenda kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akakaa. Akapitisha kiganja juu ya kiti. Akalala kidogo kwa ubavu, kujaribu, akatazama dari, kisha akainuka akatoka, akafunga mlango taratibu usije ukapiga kelele.

Clemensi aliona yote hayo.

Koinet alieleza jambo, akamkaribisha shemeji yake. Clemensi akasimama na kusema mambo yaliyo kweli: kwamba viti ni laini, kwamba mgonjwa akilala nyuma hapati shida, kwamba injini ni nzima. Alichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Angeweza kufika ng'ambo, lakini Tajewo alinyoosha fimbo.

"Mimi nilikuwa nyuma, nasukuma," mzee alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Hizi za mbele zinazunguka. Hizi za nyuma zimelala. Kwa nini zimelala?"

"Ni kompyuta, mzee wangu." Clemensi alisikia sauti yake ile ya asubuhi, ya mtangazaji, inatoka yenyewe. "Gari za kisasa zina akili. Zikiona hakuna haja, za nyuma zinapumzika kwanza."

"Na pale kwenye tope hakuna haja?"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri tu, cha watu wanaosubiri kujibiwa. Clemensi naye akacheka, Mungu amsamehe. Akafungua mdomo kutafuta uongo wa pili wa kuuvika ule wa kwanza, na kabla hajaupata mama mkwe wake akasimama.

Hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni. Alifunga shuka vizuri begani, akawageukia wazee, akasema kwa Kimasai, na Koinet akatafsiri kwa ajili ya mganga wa zahanati, ambaye alikuwa mtu wa Mbulu, kwa hiyo Clemensi, aliyekielewa Kimasai, akayasikia mara mbili.

"Huyu ni Paker wangu. Miaka kumi na minne. Alisema atamsomesha mdogo wa Nanyori, akamsomesha. Mume wangu alipokufa alisema atakuja, basi likakwama, akaja kwa miguu usiku, na mvua, na nilimvua viatu mimi mwenyewe. Mimi gari sijui. Namjua mtu. Akisema zinapumzika, zinapumzika. Mtamba wangu yule mwekundu, yule mnayemjua wote, namtoa leo kwa ajili ya gari kama hii."

Akaketi. Wazee wakaguna kwa kukubali. Tajewo mwenyewe akashusha fimbo, kwa maana neno lilikuwa limepata mdhamini.

Hapo Clemensi alitamani ardhi ipasuke. Aliona angeweza kukaa kimya. Ilikuwa rahisi mno, ilitakiwa aketi tu. Wangenunua, na masika inayokuja mwanamke angekuwa amelala kwenye kile kiti laini, katikati ya udongo mweusi, matairi ya nyuma yamelala pamoja naye. Hata kama lao lingekuwa na shafti, wasingejua la kuangalia, kwa kuwa aliyewafundisha ni yeye.

"Haina," alisema.

"Haina nini, shemeji?" Koinet akauliza.

"Haina fowili. Za nyuma hazivuti. Hazijawahi kuvuta tangu niinunue. Chuma chake kilitolewa." Na angeweza kuishia hapo, abaki mtu aliyeibiwa, watu wamwonee huruma. Lakini mama mkwe alikuwa akimtazama. "Fundi alinionyesha Jumatatu. Nilikuja hapa nikijua."

Koinet hakutafsiri. Hakukuwa na haja, walioelewa waliwanong'oneza wasioelewa, na Clemensi akaliona neno likitembea kibarazani, kichwa baada ya kichwa, mpaka likamfikia mama mkwe, aliyekuwa hajaelewa. Hakushtuka. Alitazama mikono yake. Mtamba wake mwekundu alikuwa ameshatajwa mbele ya watu wote, na miguu ya mkwe aliyoivua viatu ilikuwa imeshasimuliwa, na hakuna njia ya kuyarudisha maneno hayo mdomoni. Aibu ilikuwa ya Clemensi, lakini mama ndiye aliyetandikiwa aikalie.

Tajewo hakucheka. "Basi tutanunua pikapu," alisema. "Ashe, tunashukuru. Tumejua." Na wakaingia kwenye mambo mengine, ya chanjo za ndama.

Mbuzi alichinjwa vilevile. Clemensi alipewa nyama nzuri, yenye mafuta, kama anavyopewa mkwe. Alitafuna kila kipande na kila kipande kilikataa kushuka. Nanyori alikaa na wanawake na hakumtazama hata mara moja. Laiti wangemtukana, angejua pa kuweka uso.

Asubuhi mama mkwe aliwasindikiza mpaka kwenye gari. Alimpa Nanyori kibuyu cha maziwa, akamwambia mambo ya wajukuu, akamshika shavu. Kisha akazunguka upande wa dereva. Clemensi akateremka haraka, asije akaagwa akiwa amekaa.

"Paker," alisema, "sisi tunaondoka."

Mama akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni wa kijiji cha jirani, ambaye hana ubaya naye.

"Nenda salama, Clemensi," alisema.

Alilitamka vizuri, herufi zote, kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa analijua na hakulitumia. Akageuka, akarudi bomani kuangalia ndama.

Walikwenda mpaka kwenye udongo mweusi. Clemensi alisimamisha gari kabla hajauingia, akaupima kwa macho. Asubuhi ile hapakuwa na wachungaji. Nanyori akavua viatu, akavipanga juu ya dashibodi, akashuka, akaenda nyuma. Hakuambiwa. Clemensi alimwona kwenye kioo anafunga khanga kiunoni na kuweka mikono yote miwili juu ya zile herufi.

Akakanyaga mafuta polepole. Matairi ya mbele yakateleza, yakashika, yakateleza. Na safari hii aliusikia kwa hakika, pale pale mgongoni, msukumo. Gari likapita.

Nanyori aliingia, tope limempanda mpaka kifuani, na usoni pia. Hakujifuta. Aliichukua simu ya mumewe kwenye kishikizo chake, akafungua kundi la kwaya, akaishika mbele ya mdomo wake.

"Sema," alimwambia.

"Nanyori, tufike kwanza…"

"Hapa mtandao upo. Sema, Baba Joseph."

Akabonyeza. Clemensi akakohoa, kwa mazoea.

"Ndugu zangu wanakwaya, ni mimi Clemensi," alianza, na jina lake mwenyewe likamkwama kooni. Nanyori akaifuta sauti ile, akamshikia simu tena, naye akaanza upya.